Mkanda Uliongoja Mvua

Wasomaji wangu, nyinyi mliozoea kunipata hapa nikicheka na kuota ndoto za mchana, leo mnivumilie. Nina hasira, na sijui pa kuitua. Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye kibanda changu cha kuchapa karatasi hapa mjini Kitui, nikitoa nakala za vitambulisho kwa foleni ya wazazi wanaotafuta basari za karo, simu ikaita. Sauti ya mama mtu mzima ikaniuliza kama mimi ndiye kijana wa kamera wa Kitui. Nikasema ndimi. Akasema, "Kaka yangu aliandika namba yako ukutani kwa studio. Ametuacha. Kifua kilimshika Alhamisi, Jumapili akaenda. Tunazika Jumamosi, na nimeambiwa wewe unachapa vile vitabu vya mazishi." Nikaketi juu ya katoni ya karatasi. Mpiga picha wa Matiliku, mzee aliyeniuzia kamera yangu, hayuko. Mama akaongeza, "Picha nimekutumia. Iangalie kama itafaa."

Nikaiangalia. Ilikuwa picha ya kitambulisho chake cha taifa, imepigwa kwa simu, imepinda, na kidole gumba cha mtu kimeingia pembeni. Uso wa mzee ulikuwa mdogo kama ukucha, umefifia. Nikamuuliza, "Hii tu, mama?" Akajibu, "Hiyo tu. Tumepekua nyumba yote." Hebu fikirieni. Mtu aliyeshika kamera zaidi ya miaka arobaini, aliyepiga harusi, ubatizo, watoto wa shule, wazee wakipokea vyeti vya ukristo wao, hata ng'ombe wa maonyesho, amekufa na uso wake haupo popote ila kwenye kadi ya serikali. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Lakini bado nilikuwa na matumaini, kwa sababu nilijua kitu ambacho mama huyu hakukijua. Nikamwambia, "Mama, picha yake ipo! Niliipiga mimi mwenyewe. Iko studio, kwa kopo dogo la plastiki lenye kifuniko cheusi, ameliandika 'Kitui'. Usilifungue tafadhali, mwanga ukiingia picha inakufa. Kesho nakuja." Mama akasema polepole, "Njoo tu, mwanangu."

Wacha niwaeleze nilivyofika kwa huyu mzee. Katikati ya mwaka, mteja mmoja dereva wa lori alinijia kibandani na picha ya harusi ya wazazi wake, nyeusi na nyeupe, akitaka niitoe nakala kabla haijachakaa. Sikuwahi kuona picha ya namna ile. Ungeweza kuhesabu nyuzi za shela. Ngozi za watu zilikuwa za watu, si zile nyuso za unga zinazotoka kwa simu zetu. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio moja ya Matiliku. Usiku huo sikusema lolote kwa mtu, lakini moyoni nilishakuwa mpiga picha mashuhuri. Mimi niliishia kidato cha nne na alama zangu ni siri ya familia, ila kuota sijawahi kufeli. Wiki iliyofuata nikafunga kibanda, nikapita Emali, nikashika bodaboda hadi Matiliku.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, mtu asimame mbele yake aonekane ametembea. Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, sweta ya kijivu, miwani imefungwa kwa uzi. Nilipomwambia nataka kununua kamera ya zamani, ile ya mkanda, alinitazama kutoka viatu hadi kofia.

"Unataka kupamba kabati?"

"Hapana, mzee. Nataka kupiga picha."

"Maana walikuja wengine hapa kutoka Nairobi na gari kubwa. Ati wanataka kuiweka sebuleni karibu na televisheni. Nikawaambia mimi siuzi maua."

Akaitoa ndani ya taulo. Chuma kitupu, nzito kama tofali, na madirisha mawili madogo mbele. Nikaiweka jichoni na katikati ya dirisha nikaona kipande cha rangi ya manjano, na ndani yake mzee mwingine, hafifu, amesimama kando ya mzee wa kwanza. Nikashtuka. "Mzee, mko wawili!" Akacheka hadi akakohoa. "Ndiyo kazi yako hiyo. Zungusha lenzi uwaoanishe. Wakishakuwa mtu mmoja, ndiyo upige. Hii kamera haipigi watu waliotengana." Neno lake lilikuwa hilo, kuoanisha. Sijui wenye vyuo wanaitaje. Kwangu itabaki kuoanisha.

Akanipangia lenzi tatu juu ya meza. Ya thelathini na tano, akasema ni ya nyumba ndogo, inaingiza watu wote hata wale msiowapenda. Ya hamsini ni ya mtu na mwenzake. Ya tisini, ndefu, yenye ukungu kidogo ndani ya kioo, akaishika kwa heshima ya peke yake. "Hii ni ya mama mkwe." Nikamwomba anieleze. "Wewe si Mkamba? Utamkaribiaje mama mkwe na kamera? Unasimama kule mbali, heshima imekaa, nthoni yetu ya wakwe imekaa, na uso wake unatoka karibu kama mnaongea. Harusi zote za hapa nimezipiga na hii. Hakuna mama mkwe aliyewahi kunilalamikia." Ndipo akasema haniuzii mpaka nipige mkanda mmoja wote, auone. Akaniwekea filamu yake mwenyewe, akanituma sokoni.

Wasomaji, hapa ndipo pananiuma. Nilizunguka soko la Matiliku saa mbili nzima kama mfalme. Nilipiga wauza maembe mabichi, nikapiga wanawake wakipepeta pojo, nikapiga fundi wa baiskeli akiwa ameshika msumari kwa meno. Kila mtu nilimwoanisha vizuri. Nilirudi nikiwa na picha thelathini na sita na kiburi cha picha mia. Mzee akaniambia nisubiri, akachukua jerikeni lililokuwa limefunikwa kwa gunia pembeni. Maji ya mvua. Maji ya kisima cha pale yana chumvi, yakikauka juu ya mkanda yanaacha madoa, kila bibi harusi anatoka na ndui. Kwa hiyo mzee alikuwa akikinga maji ya paa mvua ikinyesha na kuyatunza mwaka mzima kwa kusafishia picha tu. Yakiisha, wateja wanangoja. Watu wa Matiliku walizoea kuulizana, "Picha zenu zimetoka?" na kujibiwa, "Bado, tunangojea mvua." Lile jerikeni lilikuwa la mwisho la msimu. Akalimaliza kwa mkanda wangu.

Mkanda ukatoka mweupe kama kioo cha dirisha, mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata mtu mmoja. Mzee akauinua, akautazama, kisha akatazama kamera mezani. Kifuniko cha lenzi kilikuwa bado kipo. Sikukitoa! Kwenye kamera za aina ile hutazami kupitia lenzi, unatazama kupitia dirisha la pembeni, kwa hiyo unaona mchana mweupe huku lenzi yenyewe imefumbwa macho. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akaanguka kwenye kiti kwa kicheko. "Kijana, umepiga giza la Matiliku mara thelathini na sita! Hakuna mtu amewahi kulipiga vizuri hivi." Halafu, akifuta machozi, akasema, "Sasa nakuuzia. Aliyekosea hivi hasahau tena." Bei tulielewana.

Nilirudi baada ya wiki mbili na mkanda nilioupiga huku Kitui. Nilikuwa nimebakisha picha tatu. Nikamwambia, "Mzee, keti hapo kwa pazia lako." Akashangaa. "Mimi? Mimi nikikaa hapo, nani atasema inua kidevu?" Nikamwambia nitasema mimi. Akakataa, akaenda kufagia, akarudi, akakataa tena, kisha akavua miwani, akaivaa, akaketi kwenye kile kigoda alichoketisha dunia nzima. Mtu aliyeamuru mikono ya watu kwa miaka yote hiyo hakujua aweke yake wapi. Aliiweka magotini, akaikunja, akaishusha. "Inua kidevu, mzee." "Toa kifuniko, kijana." Tukacheka wote wawili, na nikaona kwenye kile kipande cha manjano wazee wawili wakicheka. Nikazungusha lenzi polepole, wakasogeleana, wakawa mmoja. Nikabonyeza. Nikampiga zote tatu zilizobaki.

Nilitaka zisafishwe siku hiyohiyo. Akasema maji hakuna, na mimi nilijua ni nani aliyeyamaliza. Nikamwambia niende dukani ninunue maji ya chupa. "Maji ya chupa ni ya wagonjwa," akasema. "Picha ya studio hii inasafishwa na maji ya paa hili. Ngoja mvua. Mvua haina shida na wewe, mbona wewe una shida nayo?" Akautia mkanda kwenye kopo, ameacha ulimi wa mkanda, ile ncha yake, umechomoza kidogo nje ya kasha lake ili siku ya kusafisha ashike kwa urahisi gizani, akaandika "Kitui" kwa kalamu nene. Nikakubali. Nilikuwa na simu mfukoni, wasomaji wangu. Simu yenye kamera, imejaa chaji. Muda wote ule mzee ameketi pale akicheka, simu ilikuwa imenilalia pajani, na sikuitoa, kwa sababu nilikuwa nikiota ile picha nzuri ya karatasi, nyeusi na nyeupe, nikaona simu ingeharibu shughuli.

Basi Jumatano nikafika kwa dada yake nikiwa na dawa za kusafishia kwenye mkoba na maji ya chupa, yale ya wagonjwa. Nilijiambia tukifunga chumba kizuri, mpaka jioni uso utakuwa umetoka, kitabu kitachapwa, mzee ataenda kwa heshima. Nikasalimu, nikatoa pole, nikauliza kopo liko wapi. Mama akajifunga leso vizuri, akanitangulia kuteremka hadi kwenye bustani yake kando ya mto mkavu, mahali anapochota maji mchangani kumwagilia nyanya na sukuma. Kwa mbali niliona vitu vinang'aa vikipepea juu ya miche. Nikakaribia. Zilikuwa negativu. Mamia ya vipande vya mikanda, vimefungwa kwa kamba kutoka mti hadi mti, vikicheza upepo. Matiliku nzima ilikuwa imetundikwa pale kutishia ndege.

"Mwenye nyumba alitaka chumba chake siku ya pili tu," mama akaanza, hanitazami. "Ati kuna mtu wa kuuza simu anaingia. Nikabeba maboksi yake kwa punda. Sasa ndege wamenimaliza hizi nyanya, mwanangu, na hizo zinang'aa. Nikaona kaka yangu hata akiwa amekufa ananisaidia."

"Na kopo, mama?"

"Nilivuta ule ulimi nione kama kuna picha ndani. Haikuwa na kitu. Ilikuwa rangi ya maziwa yaliyoingia majivu. Nikasema hii ni mpya, haijatumika." Akanyoosha mkono. Mkanda wangu, mrefu, haujakatwa, ulikuwa umezungushwa kwenye mti wa mnyanya, umejikunja kwa jua. "Uliponiambia habari ya kopo kwa simu, mkanda ulikuwa tayari uko hapa. Ningekuambiaje?"

Ndege mmoja alikuwa ameketi juu ya kamba ileile, anatudharau sote.

Ningemkasirikia vipi? Mama amefiwa na kaka, nyanya zake zinaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kuwa ndani ya kitu. Nilimkasirikia mwenye nyumba, ambaye hakuweza kungoja hata maiti itoke mochari. Tulianza kufungua zile kamba pamoja, tukakubaliana nitamletea mabaki ya plastiki ya kulaminesha kutoka kibandani, yanang'aa zaidi. Tukiwa tunafungua akainua kipande kimoja juani, akakunja uso. "Hii ni harusi ya nani? Bibi harusi uso mweupe, nguo nyeusi." Nikamweleza kwamba kwenye negativu nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe. Akatazama tena, kisha akaniwekea kidole chini ya picha, miguuni pa maharusi. Palikuwa na alama nyeupe, kichwa na kiwiko kilichoinuliwa. Kivuli cha mpiga picha. Mzee alikuwa akipiga nje jua la jioni likiwa mgongoni, kivuli chake kinaangukia mbele ya wateja. Tukatazama kingine, kipo. Kingine, kipo. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Si huyu hapa? Si basi inatosha?"

Haitoshi. Kwa heshima sikumbishia, lakini nyinyi nawaambia. Sitaki kufarijiwa na kivuli. Kivuli hakina miwani iliyofungwa kwa uzi, hakina kile kicheko cha kukohoa. Mtu mwenye uso alistahili uso.

Jumamosi tukamzika. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilihangaika na ile picha ya kitambulisho kwenye kompyuta, nikiikuza anakuwa vidoti, nikiipunguza anakuwa ukucha tena. Ikatoka kwenye jalada la kitabu akiwa kama mtu anayetafutwa na polisi. Watu walijaa. Mzee wa kanisa aliyeongoza ibada akasema kwa sauti ya kujivunia, "Hakuna nyumba hapa isiyokuwa na picha yake!" Watu wakaitikia amina. Nilitaka kusimama niulize, na picha yake iko nyumba gani? Mheshimiwa mmoja alifika amechelewa, akachukua kipaza sauti, akaahidi kujenga jumba la kumbukumbu la picha za marehemu. Picha zenyewe zilikuwa nyumbani kwa dada ndani ya gunia, zina udongo wa nyanya. Na jeneza liliposhushwa, simu zikainuka. Naapa sikuweza kuzihesabu. Kila mkono una simu, zinarekodi sanduku. Alikaa miongoni mwenu maisha yake yote, mkamwita kwa kila sherehe, mkamwambia "tupige tena, huyu alifumba macho," na hakuna hata mmoja aliyesema, "Leta hiyo kamera, sasa wewe simama hapo." Mmemngojea awe sanduku ndiyo mumpige!

Lakini kabla hamjanirushia mawe, na mimi nimo. Mimi ndiye niliyemwaga maji ya mwisho ya mvua kwa sababu ya kifuniko. Mimi ndiye niliyeacha simu mfukoni. Kila nikimnyooshea mtu kidole nakuta mkono umenirudia. Mvua yenyewe imeanza juzi, inanyesha vizuri kabisa, mabati ya Matiliku yanatiririka, na hakuna anayekinga.

Basi somo langu ni hili, na nimelianza kwa vitendo. Katika kila kijiji kuna watu wanaotushikia mambo yetu na sisi hatuwashikii lao. Mpishi wa harusi, anayebaki jikoni wakati wa picha. Mwalimu wa kwaya, ambaye kwenye video zote ni mgongo. Anayechimba makaburi. Mwenye kamera. Jana, nje ya kibanda changu, nilimsimamisha mama anayetuuzia chai na mahamri mtaa mzima, tangu kabla mimi sijaja. Nikatoa simu. Si ile kamera, simu tu. Akaficha uso kwa kanga. "Wewe, wacha ujinga! Sijachana nywele, nina unga hadi kwa masikio. Kuja Jumapili nikiwa nimevaa!" Wateja wakacheka, mmoja akamwambia hata akichana hakuna tofauti. Zamani ningemwonea haya, ningesema sawa mama, Jumapili. Nilimpiga papo hapo, akiwa amefungua mdomo kunitukana, nikaingia ndani nikachapa, nikamletea karatasi bado ina moto. Amenikasirikia hadi leo, na chai ananiuzia bila kunisalimu. Akasirike tu. Hasira yake itapoa kesho au kesho kutwa, na uso wake ninao, una unga hadi kwa masikio.